Stendi yangu ya mbao ilivyomwaga mbege ya sendofu

MSOMAJI wangu, kama hujawahi kulala chumba kimoja na harufu ya ndizi zilizochacha usiku nne mfululizo, kaa mkao wa kula nikuhadithie. Mimi yalinikuta, tena kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, na hadi naandika haya kuna deni sijalimaliza.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mama wa Kibosho aliyeteremkia Dar es Salaam kabla mimi sijazaliwa. Anaishi Kimara na pale uani kwake anapika mbege. Siyo gongo, tuelewane mapema, maana kuna watu wakisikia pombe ya kienyeji tu wanageuka kuangalia kama difenda la polisi liko karibu. Gongo inakenekwa kwa mvuke, na kuitengeneza bila leseni ni kosa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1966. Mbege inachachuka yenyewe ndani ya pipa, na mwenye kuiuza anatakiwa awe na leseni ya vileo kwa sheria ya mwaka 1968. Shangazi anayo. Ameitia kwenye fremu, imening'inia kando ya picha ya Bikira Maria.

Pipa hilo ndilo limesomesha wanawe watatu, na mimi pia. Baba alipofariki nikiwa Fomu Tuu, sare, nauli na ada ya miaka miwili iliyobaki vilitoka kwenye mbege. Kwa hiyo mtu akiikandia pombe ya shangazi mbele yangu, huwa nashindwa kucheka.

Kwa wenzangu mnaoijua mbege kwa jina tu, nitawapitisha haraka. Unachukua ndizi zilizoiva hasa, zile ambazo mwenye duka la matunda anaanza kuzionea aibu. Shangazi huzifuata Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi. Zinamenywa, zinachemshwa na maji kwa masaa mengi mpaka zigeuke rangi kama chai ya rangi iliyokolea. Zikipoa zinaingia kwenye pipa zichachuke siku kadhaa. Uchachu huo wa ndizi wenyewe wanauita nyalu. Pembeni unaotesha ulezi, unaukausha juani, unasaga, unapika uji mzito unaoitwa mso. Nyalu ikishachujwa unaichanganya na mso, unatia msesewe, yaani ganda la mti lililotwangwa ambalo ndilo linaleta ule uchungu, halafu unaiacha hadi kesho yake. Hapo ndipo wazee wanaanza kupita kusalimia ambao mwezi mzima hukuwaona.

Ukisoma hivyo unaona kazi rahisi. Sasa weka kilo. Lita moja ya kitu cha majimaji ni kama kilo moja. Nyalu ya pipa la lita 100 ni kilo 100, na ili ichujwe lazima itoke pipani, ipite kwenye chujio, iende kwenye chombo kingine. Shangazi alikuwa anachota kwa ndoo ya lita 20, anainua hadi kifuani, anamimina. Mara tano kuchuja. Halafu mara tano tena kurudisha pipani ili achanganye. Kila wiki, kwa zaidi ya miaka ishirini, peke yake, huku sisi watoto tuko shule au kijiweni tunabishana Simba na Yanga.

Mgongo ukagoma. Asubuhi moja aliinama kuokota ufagio akashindwa kunyanyuka, tukambeba na kanga. Hospitali wakampa dawa na mkanda, daktari akamwambia, "Mama, ndoo usibebe tena." Shangazi akamjibu kwamba ndoo nayo haijibebi.

DILI LA KWENYE PICHA

Hapo ndipo mpwa mtu nikajifanya mjanja. Mshikaji wangu mmoja alikuwa na picha kwenye simu, Wazungu wa Marekani wanaotengeneza bia nyumbani. Kule ni mambo ya kawaida kabisa. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu kutengeneza bia ya kunywa nyumbani bila kulipa kodi, galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba ya mtu mzima mmoja, galoni 200 kama wapo wawili au zaidi. Tangu hapo watu wameichukulia kama wengine wanavyofuga kuku. Kwenye picha palikuwa na stendi ya mbao ya ngazi tatu, kila ngazi na sufuria lake lenye koki. Juu kabisa maji ya moto, katikati nafaka, chini sufuria la kuchemshia. Unafungua koki, kitu kinateremka chenyewe. Hakuna kubeba.

Nikaona nimemaliza. Nilimwambia shangazi, "Wiki hii hubebi ndoo." Akaniangalia vile watu wazima wanavyomwangalia mtoto aliyesema atajenga ghorofa.

Nilimaliza Fomu Foo na D ya Fizikia, na seremala siyo fani yangu. Lakini nilinunua mbao za msonobari za mbili kwa nne, misumari ya nchi nne kilo mbili, nikaazima msumeno kwa jirani. Siku moja tu, kazi kwisha! Miguu minne mirefu, ngazi tatu kama kwenye picha, ya juu futi sita, ya katikati futi nne, ya chini futi mbili. Mbao za kubebea nikazipigilia ubavuni mwa miguu, misumari miwili kila ncha. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaitazama, nikapiga picha nikairusha kwa washikaji. Sifa zikamiminika. Mmoja akaniita injinia.

Nikaiweka kwenye baraza la uani, hatua mbili kutoka mlango wa chumba ninacholala. Kumbuka hilo.

Wiki ile shangazi alikuwa na oda ya sendofu. Familia moja ya huko Mbezi inamwaga binti yao Jumamosi, na Wachagga sendofu bila mbege ni sawa na pilau bila nyama. Walitaka lita 100, wakatoa hela yote mkononi, na shangazi hela ile ile akaenda kuilipa chuoni kwa binamu yangu wa mwisho aliyekuwa amezuiwa kufanya mtihani. Kwa maneno mengine, pombe ilishaliwa kabla haijapikwa.

Jumapili tukachemsha ndizi. Jioni zilipopoa nikapandisha uji wa ndizi kwenye pipa la juu, mimi nikiwa nimesimama juu ya stuli, binamu ananipa ndoo kutoka chini. Ndoo tano. Mikono ilikuwa inatetemeka. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini nani ashtuke wakati ameshaitwa injinia?

Ijumaa asubuhi, siku ya kuchuja, tukafungua koki. Ikatoka kama glasi mbili, kisha puu, kimya. Nikaifunga nikaifungua. Kimya. Msomaji, bia ya wale Wazungu ni maji maji. Nyalu ni rojo, ina nyuzi na mapande ya ndizi, na mimi nilikuwa nimeweka koki ya nusu inchi ya bombani. Iliziba kama kooni mwa mtu aliyemeza ugali bila mboga.

Nikapanda stuli na mwiko ule mkubwa wa kupikia ugali wa shughuli. Nikauchomeka pipani nikaanza kukoroga kwa nguvu, nasukuma huku, navuta kule. Nikasikia mlio, kiii. Nikadhani ni stuli. Shangazi akapiga kelele, "We mtoto, shuka!" Nikashuka, kwa kweli niliruka. Stendi nzima ikalala upande taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye daladala, miguu yote minne imeinama pamoja kuelekea ukutani. Halafu misumari ikachomoka, pipa likaja chini. Kidole changu gumba cha mguu kilipondeka kucha. Wengine hakuna aliyeguswa. Nyalu yote ikapita chini ya mlango ikaingia chumbani, na godoro langu liko sakafuni.

Shangazi hakugomba. Ndiyo iliyoniuma. Alikaa kwenye stuli ile ile, akasema, "Yesu na Maria," akaanza kuhesabu kwa vidole nani anapika mbege Kimara na nani Ubungo. Mchana alikwenda kukopa kwenye kikoba chake shilingi 180,000, jioni akazunguka kwa wapika mbege watatu akinunua lita 30 hapa, 40 pale, kwa bei ya mtu anayejulikana ana shida. Jumamosi mbege ilifika Mbezi. Bibi mmoja aliionja akasema siyo mkono wa mama wa siku zote, na shangazi akatabasamu akasema ulezi wa mwaka huu ni mgumu.

Nilimwambia deni la kikoba ni langu. Akasema, "Najua, baba."

MZEE WA KEKO

Ningeweza kuacha pale. Lakini Jumatatu nilimkuta anachota ndoo, mkanda wa hospitali umefungwa juu ya kanga. Nikachukua vipande viwili vya stendi iliyovunjika nikapanda gari hadi Keko, kwa mafundi wa fenicha. Nilitafuta aliyekuwa hana haraka. Nikampata mzee mmoja anachonga mguu wa kitanda, nikamwamkia, nikamweleza kila kitu bila kujipendelea.

Aliugeuza ule ubao, akatazama matundu ya misumari yaliyopanuka, akaniuliza, "Hapa kilo mia zilikuwa zimekaa juu ya nini?"

Nikasema juu ya mbao.

"Hapana kijana. Zilikuwa zimening'inia kwenye misumari minane. Msumari kazi yake kushikilia. Wa kubeba ni mti." Akachukua kipande kingine, akanionyesha. Mguu unachongwa pengo, mbao ya kubebea inaingia ndani ya lile pengo, inakaa kabisa juu ya mti wa mguu. Bolti inapitishwa pale ili isitoke tu. Hata bolti ikilegea, mzigo bado umekaa.

Kisha akachukua njiti nne za mbao akazipigilia msumari mmoja mmoja kwenye kona, zikawa kama fremu ya dirisha. Akaisukuma kwa kidole kimoja, ikalala upande. Ile ile, kama stendi yangu. Akapigilia njiti ya tano kwa mshazari kutoka kona hadi kona, akaniambia nisukume. Nilisukuma kwa mikono miwili haikwenda popote. Sasa ilikuwa pembetatu mbili, na pembetatu haina jinsi ya kulala upande mpaka mti wenyewe uvunjike. Kumbe ile D yangu ya Fizikia ilikuwa ya huruma.

Lakini swali lililonimaliza lilikuja mwisho, nimeshaanza kuaga. Aliuliza, "Na kule juu futi sita, nani anapandisha?"

Nikanyamaza. Maana jibu ni kwamba siku nikiwepo napandisha mimi, na siku nisipokuwepo anapandisha mama wa miaka sitini mwenye mkanda wa mgongo, juu ya stuli. Kitu hakiteremki chenyewe mpaka kwanza kuna mtu amekipandisha. Nilikuwa sijaondoa mzigo, nilikuwa nimeuhamishia juu zaidi. Yule mzee akaniambia nirudi nyumbani nikampime shangazi kwanza, ndipo nipime mbao. Kwa ushauri wote ule alikataa hela, akakubali soda.

Basi nikampima. Alicheka sana, akadhani namshonea nguo. Kutoka sakafuni hadi kiunoni, hadi kwenye kiwiko, hadi begani. Nikamuuliza ndoo ya uzito gani anaweza kuinyanyua bila kusikia kitu. Akasema siyo ndoo, jagi. Nikamuuliza koki inaziba wapi. Akaniambia angenieleza tangu mwanzo kama ningeuliza. Mama yake kule Kibosho hakuwa na koki, lakini alijua ndizi zinatuama chini na maji maji yanakaa katikati, kwa hiyo asiyetaka rojo asichote chini.

Stendi ya pili ina ngazi mbili tu. Ya juu iko futi mbili na nusu, na badala ya pipa moja la lita 100 inabeba mawili ya lita 60, mafupi, kwa hiyo mdomo wa pipa hauzidi bega lake. Ubavuni nimejenga kingazi kipana cha mbao, cha kukanyaga mara moja, kimeshikamana na stendi chenyewe, siyo stuli. Uji wa ndizi anaupandisha kwa jagi. Inachukua muda, ndiyo, lakini anaimba nyimbo zake za kanisani na anasema haumwi. Nikiwepo napandisha kwa ndoo.

Miguu ni nne kwa nne, mbao za kubebea mbili kwa sita, zote zimekaa kwenye mapengo. Kuchonga mapengo manane kwa tindo kulinichukua siku mbili na malengelenge matano. Bolti za nusu inchi nane, na washa zake. Mikingamo ya mshazari nyuma na ubavuni kote kuwili. Mbele nimeacha wazi ili afanye kazi. Chini ya kila mguu kipande cha tofali la saruji na juu yake raba ya tairi kuukuu, maana uani pale maji yanamwagwa kila siku na mti unaosimama majini unaoza kuanzia kwenye kisigino. Kabla ya kuweka pipa nilijaza ndoo za maji, kilo 160 kwa jumla, nikaziacha usiku kucha. Halafu nikaiegemea, nikaisukuma, nikaipiga teke. Jirani akauliza kama nimegombana nayo.

Koki sasa ni ya inchi moja na nusu, ya plastiki, na nimeitoboa nchi tatu kutoka chini, siyo sakafuni mwa pipa. Ndani, mbele ya tundu, shangazi amesimamisha kitunga kidogo kinachozuia mapande. Hilo ni wazo lake na ndilo linalofanya kazi kuliko yote. Mapipa tulichagua yaliyokuwa na mafuta ya kula. Yale ya buluu yanayouzwa barabarani ni ya kuogopa, hujui yalibeba dawa gani. Na vifuniko havikazwi. Nyalu inapochacha inatoa hewa, na ukiifungia kabisa itatafuta pa kutokea, kwa hiyo juu kuna kitambaa safi na kifuniko kilicholazwa tu.

Tulibishana mara moja. Mimi nilitaka kuipaka oili chafu miguu yote kuzuia mchwa, kama tunavyofanya kwenye nguzo. Shangazi akakataa katakata. "Mbege inanusa kila kitu," alisema, "nikikaanga dagaa hapa wateja watanywa dagaa." Miguu ikabaki kavu. Mchwa tutawakagua kwa macho.

Chini, pale ndoo ya kupokelea inapokaa, nimelaza ubao mrefu uliopigwa randa vizuri unaotoka nje ya stendi kama ulimi. Chujio linaning'inia juu ya ndoo. Ndoo ikifika nusu anaisukuma kwenye ubao kwa mguu, anavuta nyingine tupu. Mso na msesewe vinaingia humo humo. Haipandi tena popote mpaka mteja aje na kata yake.

Ijumaa ya kwanza ya kuitumia nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika stendi kwa mkono mmoja bila kujijua. Shangazi akanitazama ule mkono, nikautoa. Akaigonga stendi kwa nyonga, mara mbili, kwa nguvu. Haikusema kitu. Akafungua koki. Ikakohoa kidogo, kisha nyalu ikaanza kushuka, nyembamba, rangi ya kahawia, inapita kwenye chujio inaingia kwenye ndoo.

Akavuta stuli akakaa. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona amekaa siku ya kuchuja. Alikaa kama dakika kumi, mikono mapajani, anaangalia tu, halafu akaniuliza kikoba nimewapelekea ngapi mwezi huu.

Nimebakiza 65,000. Mhariri, kama unasoma hapa, malipo ya makala hii naomba yasichelewe.